Ufa Usiozibika

Chini kabisa ya jengo la uhandisi, Bristol,
ambako mvua husikika ndani ya mabomba tu,
kipande cha chuma kinaning'inia tanuruni,
nyuzi mia tano na hamsini,
kimefungwa uzito, kinavutwa,
saa elfu arobaini na moja sasa, na ushei.

Kinarefuka. Jicho halioni.
Ukucha wangu unakishinda mbio.
Wenyewe huiita hali hii kutambaa:
chuma, kama mtoto aliyeachwa sakafuni,
kikipata joto na muda
kitakwenda kisikotumwa.

Aliyekitundika si mimi. Ni Weiming,
aliyehitimu akaenda zake Toronto,
akaniachia daftari la kalamu nyekundu
na onyo moja: mlango usibamizwe.

Nililelewa na methali ya ufa na ukuta.
Siku ya kwanza niliitoa, nikijiona nimefika.
Profesa Hargreave akavua miwani,
akaipangusa kwa ncha ya tai.
"Ndani ya mtambo, pale penye mshono wa kulehemu,
nani ataingiza mkono azibe?
Uulize ufa umri wake.
Uulize unakula kiasi gani kwa mwaka.
Kisha utuambie tutaishi nao mpaka lini."

Nimeuliza miaka minne.
Chuma kizima sijakiona bado;
nimeona kilichopimwa na kisichopimwa.
Na huko ng'ambo ya Severn
mtu anachemsha maji ya chai
kwa umeme uliopita jirani na ufa,
anatafuta sukari, hana habari.

Glenys, fundi wa tanuru, hula mkate wake wa jibini
ameegemea kabati. Kurasa zangu mia mbili na arobaini
hajazifungua.
"Chenyewe kimesemaje?" huniuliza kila asubuhi.
Nami hutazama mstari kwenye skrini.
Kimya.

Jana walinihoji kwa muda wa saa tatu.
Mtahini wa nje alikwama ukurasa wa tisini na moja,
kwenye alama ya kutoa niliyoisahau.
Hatimaye wakanipa mkono, wakaniita daktari,
nikashuka ngazi kwa viatu vya kuazima, vinabana,
nimwambie Glenys.

Akanikumbatia na glavu zake.
Nyuma yetu kipande kinavutwa,
hakijakatika,
mtihani wake hauna meza wala maji ya kunywa.

Jumatatu anakuja kijana kutoka Swansea.
Nimemwandikia daftarini, kwa kalamu ileile:
joto, uzito, tarehe.
Na pembeni, kwa herufi kubwa,
mlango.