Kufuli la Stoo Namba Nne

Saa nane usiku
hakuna amwitaye fundi kufuli kwa ajili ya harusi.
Mlinzi Cirhuza aligonga bati langu, Kadutu,
buti moja ina kamba, nyingine waya:
"Beba vyuma vyako."
Tuliteremka na mvua, tumeshikana kama walevi,
sikuuliza kitu. Penye mlango na mbio
kuna mtu upande wa pili.

Wodi ya wazazi haikuwa na umeme tangu magharibi.
Jenereta ipo.
Mazutu yake yapo pia, kwenye karatasi.
Nesi Nabintu ameuma simu kwa meno, taa yake inamulika
mtoto asiyefika kiwiko changu,
mbavu zinaingia ndani, zinatoka, zinasita.
"Hewa," akasema. "Mitungi iko stoo namba nne."
Na ufunguo?
"Anao msimamizi."
Na msimamizi?
"Kinshasa. Semina."
Semina ya nini, mama?
Hakucheka aliponijibu:
"Ya usimamizi bora."

Nimefungua nyumba za walioachana,
nimefungua sanduku la marehemu huku warithi wakinipumulia kisogoni,
mkono wangu hautetemeki.
Usiku ule ulitetemeka.
Kufuli lilikuwa la shaba, zito, la dola arobaini:
katika hospitali nzima kitu kimoja tu
kilichonunuliwa mwaka ule na kikafanya kazi yake.
Nililibembeleza. Likakataa.
Nikalivunja.

Ndani: magodoro mapya ndani ya nailoni,
panya wamezaa kwenye sanduku la glavu.
Ukutani, karatasi ya ukaguzi.
Januari, sawa. Februari, sawa. Machi, sawa,
kalamu ileile, mkono uleule, wino haujabadilika,
mpaka Desemba, sawa.
Sisi tulikuwa mwezi wa sita.

Mitungi tisa. Wa kwanza mtupu.
Wa pili ulipiga kelele kama sufuria.
Cirhuza anaviringisha, mimi nafungua koki,
mama wa mtoto, M'Kashosi, ametoka kitandani peku
anahesabu nasi kwa sauti, kana kwamba tunapakua ndizi.
Wa sita, bure. Wa saba, bure.
Wa nane ukasema *sssss*,
sauti ya nyoka,
na sijawahi kumpenda nyoka namna ile.

Mtoto akaishi. Natamani nikomee hapo.

Baada ya wiki tatu msimamizi aliniita mchana.
Shati limepigwa pasi, cheti cha semina
kimetangulia kufika ukutani.
Alitaka kufuli jipya, kubwa kuliko lile,
"maana watu wa hapa, fundi, hawaheshimu mali ya serikali."
Nikapita wodini kupima mlango.
M'Kashosi bado yupo, mtoto mgongoni,
hajaruhusiwa kutoka mpaka alipe.
Akanipa bili nimsomee, hakusoma sana.
Kitanda. Uzi. Sindano ambazo kaka yake alinunua nje, getini.
Na chini kabisa, kwa mwandiko mzuri:
*kufuli moja, dola arobaini na tano.*

Nilisoma yote isipokuwa mstari huo.
Kisha nikausoma.
Akabadilisha kanga, akamhamishia mtoto kifuani,
akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya muhogo:
"Na wewe walikulipa?"

Hawajanilipa mpaka leo.

Kufuli jipya nililifunga mwenyewe.
Lina funguo mbili, ndivyo msimamizi anavyojua,
amezisainia zote mbili.
Wa tatu umelala chini ya koti la Cirhuza,
umefungwa kwa waya wa buti.
Najisifu kidogo, nikiwa peke yangu.
Halafu mvua inaanza, umeme unakatika mtaa kwa mtaa
kuanzia juu Kadutu kushuka mpaka ziwani,
nami nakumbuka kwamba ufunguo haujazi mtungi.
Nakaa kitandani, viatu miguuni.
Nasikiliza bati.