Maili Sita

Barua ya polisi ilifika Rochdale siku ya Jumanne,
imekunjwa vizuri, haina hasira:
thelathini na sita, penye thelathini.
Nikaapa. Mshale wangu ulikuwa thelathini.
Haya, thelathini na mbili, na mvua shahidi.

Ollerenshaw hakubisha. Aliinama,
akapima tairi kwa shubiri kama fundi cherehani,
akauliza nimeyatoa wapi.
Kwa binamu yangu Shekue, nikasema,
ameuza gari lake kubwa, akanipa miguu yake.

Basi umevaa viatu vya mtu, akasema.

Spidomita haioni barabara.
Haijui kilima, wala lami, wala duka la samaki.
Inaketi gizani ikihesabu meno yanavyopita,
na kila mzunguko inauzidisha
kwa urefu ilioukariri kiwandani,
kama mtoto wa chuo asomaye bila kujua maana.

Tairi likilika, mzunguko unafupika,
mshale unajisifu. Upepo ukipungua, vilevile.
Na hata likiwa jipya, mshale hutia chumvi kidogo,
maana sheria ya hapa huusamehe ukizidisha,
haiusamehe ukipunguza.
Lakini gurudumu refu hupiga hatua ndefu,
na mhesabu ni yuleyule, na hesabu ni ileile.

Akanishushia rafuni spidomita ya Morris ya baba yake:
sumaku inazunguka ndani ya kikombe cha alumini
bila kukigusa. Kikombe kinataka kuifuata;
kamani nyembamba kama unywele inakizuia.
Pale wanapovutana hadi wakatoshana nguvu
ndipo mshale husimama. Ndiyo mwendo.
Nikaizungusha kwa kidole, mara mbili, mara tatu.
Nilikuwa nimechelewa kazini.

Faini nililipa. Shekue nilimrudishia miguu yake.

Sasa usiku, nikimpelekea Bi Edna Clegg dawa za saa tatu,
mshale unasema thelathini,
simu, inayosikiliza setilaiti, inasema ishirini na nane.
Nawaacha wabishane.
Barabara ya Whitworth imelowa, nyuma yangu mtu anapiga honi.

Bi Edna hufungua mlango, hutazama ukutani.
Saa yake iko mbele dakika kumi tangu mumewe afe,
na hataki iguswe.
Umechelewa, ananiambia.
Nami navua viatu mlangoni.