Mstari Mmoja

Fomu ya wodi yetu, hapa Malindi,
ina mstari mmoja tu wa kuandika sababu.
Mfupi, kama wa kutia sahihi posho.

Mama yake alisema: simu. Nilimnyang'anya simu.
Mjomba, katoka Gongoni, chumvi bado viatuni,
akasema: mapenzi, watoto wa siku hizi.
Mwalimu alileta ripoti ya kidato cha pili,
hesabu alama kumi na tisa,
akainyoosha juu ya shuka kama ushahidi.
Jirani, asiyeulizwa, akasema: pepo.

Nilishika kalamu. Sikuandika.

Nyevu alikuwa ameugeukia ukuta,
miaka kumi na mitano,
hina ya harusi ya dadake ikimfifia vidoleni.
Usiku wa pili, saa tisa, umeme ulipokatika
na feni ikasimama, akasema bila kugeuka:
"Hivi ndivyo nilivyotaka."
Vipi?
"Kelele ziishe. Si mimi. Kelele."

Akanipa vipande, si hadithi.
Baba aliyekwenda Watamu kwa kazi ya wiki moja,
mwaka wa tatu huu.
Picha iliyozungushwa darasani, na wala si yake.
Mdogo wake anayekojoa kitandani; yeye ndiye hufua.
Neno alilolisikia nyuma ya pazia: mzigo.
Na kulala, ukaamka umechoka vilevile.
"Na simu?"
"Humo ndimo alimokuwa Mishi. Alikuwa ananijibu."

Haba na haba hujaza kibaba,
twasema kwa furaha,
kana kwamba kila kinachojaa ni akiba.

Nikamuuliza waziwazi, maana hakuna aliyemuuliza,
kama bado anataka kufa.
Swali halikumvunja. Alilipima gizani.
"Sijui. Sasa hivi nataka chai."

Chai ya wodini ni maji yaliyotiwa rangi.
Kulipopambazuka nikaenda getini
nikamngoja Mwanakombo awashe jiko.
Vikombe viwili, tangawizi, mahamri manne.

Niliporudi mama yake amefika,
mdomo umeshafunguka, maneno yanakuja.
Nikamtia kikombe mkononi.
Akakitazama. Akakaa kitandani, miguuni pa mwanawe,
akanyamaza,
na Nyevu akageuka.

Fomu nimeirudisha.
Nyuma yake nimebana karatasi tupu.
Mkuu wa zamu akaigeuza huku na huku:
"Ndiyo sababu hii?"
Nikamwambia, hapo ndipo itakapokaa,
akitaka kuiandika, kwa mkono wake,
na huenda isitoshe.