Jani Moja

Nililiona mara moja, nina miaka saba,
enzi mama zetu wakishuka bondeni kufuata maji
na kuupanda tena ukingo wa Newala, ndoo kichwani, ulimi nje.
Pale chemchemi, kwenye jiwe linalotoka jasho,
lilikuwa limejishikiza kwa ukucha:
jani moja.
Si majani. Jani. Pana, lina manyoya, limekunjamana
kama sikio la ng'ombe aliyezeeka,
na pale jani lilipoanzia, bila shina la kueleweka,
maua sita ya zambarau iliyochujuka,
kila ua na koo jeupe, kama linataka kusema.
Mama akaniita, tukaondoka.

Sasa nina hamsini na tisa, na bomba uani
linalotoa maji Jumanne, likikumbuka.
Nimestaafu kupima korosho za ushirika.
Nikasema: nalitaka lile ua.
Hapa, barazani kwangu, upande wa kivuli.

Kutaka ni rahisi. Utaliulizia vipi
usilolijua jina?

Masasi, kijana wa bustani alinisikiliza vizuri,
akanifungia kwenye rambo mche wenye majani kumi na moja.
Nikamwambia, nilisema moja.
"Mzee, hayo mengine utayachuma."
Mtwara mjini nikauziwa ua la makaburini
kwa bei ya kilo mbili za sukari.
Mpwa wangu Dastani akanitumia picha, thelathini na nne:
hili? hili? hili?
Nikavaa miwani, nikavua. Hapana. Hapana.
Linakaribia, lakini hapana.
Mke wangu Somoe aliuliza swali moja tu:
linaliwa?

Aliyenifungua macho ni muuza ming'oko,
Binti Nankoma, ambaye kucha zake
zina udongo wa kila shimo la wilaya hii.
Nilikuwa nanunua fungu, nikapiga domo,
nikalichora ua hewani kwa kidole.
Hakuuliza rangi. Wote walianza na rangi.
Yeye alisema: "Ganda la mbegu yake limenyooka au limesokotwa?"
Nikanyamaza. Mtoto wa miaka saba hatazami maganda.
"Kama limesokotwa, mithili ya kamba iliyosokotwa pajani, nalijua.
Kama limenyooka, unatafuta kitu kingine,
na mimi nisikupotezee siku."

Tukashuka mwezi wa sita, magoti yangu yakinung'unika.
Njia ya mama zetu imeota upupu.
Jiwe lipo. Bado linatoka jasho.
Na juu yake (niliinama, sikusema kitu)
jani moja, limechakaa, pembeni kahawia,
na maganda manne.
Yamesokotwa.

Nikatoa kisu.
Akanishika mkono. "Hili likishazaa, basi, linakufa.
Ukiling'oa utapeleka maiti nyumbani."
Akapasua ganda moja juu ya kiganja changu:
mbegu laini kuliko ugoro.
Nikabana pumzi nisizipeperushe.
Matatu aliyaacha palepale.
Nilipoyatupia jicho, akakohoa.

Ziko sasa kwenye kopo la maziwa ya unga,
juu ya kokoto na majani yaliyooza,
nimezifunika kwa kipande cha kioo cha dirisha.
Sizimwagilii, nazinyunyizia,
kwa maji ya mvua niliyokinga Aprili
na kuyaficha Somoe asiyafulie.
Wiki ya tano kikachomoza kitu.
Majani mawili, kila moja kama kichwa cha pini.
Mawili!
Nikaenda sokoni nimefadhaika.
"Yote huanza na mawili," alisema, hakuniangalia,
anahesabu ming'oko ya mteja. "Ngoja.
Moja litaacha kukua."

Nangoja. Kila alfajiri napiga magoti na miwani ya kusomea.
Somoe naye hupita, anasema anaangalia bomba tu,
halafu anasimama nyuma yangu muda mrefu.
Leo la kushoto limezidi, kwa unywele.
Au ni la kulia.
Inategemea nimepiga goti upande gani.