Safu ya Tano

Alhamisi ijayo, saa nne, jopo litaniuliza
swali ninalolijua tayari: Ukipewa unaibu,
utainyoosha vipi nidhamu?
Nimeazima daftari jeusi kutoka kabati la zamu,
miaka sita ya makosa, gamba limeshikwa kwa plasta,
nikalibeba hadi Kariobangi Kusini
ndani ya mfuko wa unga, lisilowe.

Safu nne: tarehe, jina, kosa, adhabu.
Kuchelewa. Kuchelewa. Kelele. Soksi za rangi.
Kucheka wakati wa gwaride.
Kuchelewa.
Kumtazama mwalimu. Hilo ndilo kosa zima,
haikuelezwa alitazamwa vipi;
adhabu: kufyeka nyasi nyuma ya maabara,
ambako, nakumbuka, hakujawahi kuota nyasi.

Juu ya karatasi yangu nilikuwa nimeandika
Udongo uwahi ungali maji,
maana wanajopo hupenda kuwasikia wahenga.
Nikapiga mstari. Nikaandika Mchelea mwana kulia.
Nikapiga mstari. Chai ikapoa.

Halafu nikafanya nisilolifanya
kwa miaka kumi na mmoja ya chaki:
nikahesabu.
Wekhomba, mara ishirini na tatu,
Jumanne na Ijumaa, Jumanne na Ijumaa,
Jumatatu hata moja hakuna.
Apondi wa kidato cha pili, Jumanne na Ijumaa.
Habiba vivyo hivyo, na mdogo wake aliyemfuata.
Nikainua uso. Koridoni jirani alikuwa akiburura mitungi,
akiipanga ukutani, mmoja mmoja, kwa kuwa kesho
ni Ijumaa, na Ijumaa mfereji hutoa maji
tangu saa kumi na moja alfajiri hadi yaishe.

Tuliwapigisha magoti kwenye kokoto
watoto waliokuwa wameitii foleni nyingine
kabla ya yetu.

Lakini nisijidanganye, si kila jina lina mtungi.
Yupo Onyiego aliyeuza simu tatu za wenzake
akaapa kwa kaburi la babu aliye hai.
Yupo aliyemfungia mwalimu wa kemia stoo,
ufunguo mfukoni, akaenda zake uwanjani
na kufunga mabao mawili.
Kwa hao karatasi yangu bado nyeupe.

Ukurasa wa tisini na mbili.
Mwandiko wangu, zile r zinazoinama kama zimechoka.
Onduso, kidato cha tatu. Kosa: amekataa kusema.
Adhabu: nyumbani wiki mbili, arudi na mzazi.
Nikafunua tisini na tatu, tisini na nne,
nikaenda mpaka jalada la nyuma.
Hakurudi na mzazi. Hakurudi.
Wala hakuna aliyeandika kwamba hakurudi,
maana kutokuja kabisa
si kosa lenye safu.

Alikataa kusema nini?
Hata swali nililomuuliza silikumbuki.

Nilichukua rula. Pembeni mwa ukurasa mpya
palibaki upana wa vidole viwili.
Nikachora safu ya tano, ikapinda kidogo,
na juu yake nikaandika: Kisa.

Asubuhi nilisimama langoni na Makokha bawabu,
saa moja na robo, manyunyu, daftari chini ya koti.
Walikuja sita.
Watano walisema maji, na mikono yao ilikuwa bado baridi.
Wa sita, Nyambeki, aliangalia viatu vyake
muda mrefu. Makokha akakohoa.
Sikumharakisha.
"Sijui, mwalimu."

Nikaandika: hajui.
Safu ya adhabu nikaiacha wazi, nikamwambia apite,
kengele ya pili ilikuwa inalia
na jopo limebakiza siku sita.
Kutwa nzima, juu ya meza ya zamu,
neno lile lilikaa pale pale
likimtazama mwalimu.