Risiti ya Februari

Babu Orville, ng'ombe uliwauza mwaka niliozaliwa,
lakini saa kumi na nusu alfajiri
taa ya jikoni iliwaka,
nawe umeketi, tai shingoni,
vidole vikikamua hewa.

Maduka matatu ya matrekta, Minot hadi Bismarck,
na bado uliunusa mkate kabla ya kuukata
kama mtu aliyewahi kuukosa.

Hukusema unatupenda.
Ulizunguka magari yetu, ukipiga teke kila tairi:
"Hili halifiki Fargo."
Asubuhi tulikuta jipya, na wewe hupo.

Mali bila daftari hupotea bila habari;
wewe hata peremende za wajukuu uliziandika.

Ardhi ilikukatalia siku mbili,
Dakota imeganda, jembe linarudisha cheche.
Shangazi Solveig akaenda kukodi mashine ya kuyeyusha udongo,
dukani kwako mwenyewe.
Akalipa bei kamili. Akadai risiti.
Tuliikunja, tukaitia mfuko wa koti lako,
upande wa kalamu.

Jana nimeamka saa kumi na nusu.
Sina ng'ombe, sijawahi kuwa naye.
Taa nimeiwasha.