Sanduku la Pumzi

Mbao zilitoka kwenye kabati la marehemu shangazi,
plaiwudi nene, mchwa wameionja upande mmoja tu.
Viungo nimeviziba kwa silikoni ya masinki,
juu nimetoboa tundu la kukalia silinda hedi,
chini nimefunga mota tatu za mashine za kuvuta vumbi
kutoka kwa Mbwarali wa skrapu, Shimanzi,
aliyenitazama akaniuliza,
"Tatu? Kwani una zulia gani wewe?"

Mirija ni ule mpira angavu waashi wanaopimia usawa wa ukuta.
Mmoja umesimama. Mwingine nimeulaza kiubavu,
ili hatua ndogo ya maji ionekane ndefu.
Maji matupu hayasomeki usiku;
nikayatia rangi ya mabuyu ya Bi Rukiya wa ghorofani,
nyekundu ile isiyotoka vidoleni hadi Ijumaa ya pili.

Nilipowasha zote tatu kwa mara ya kwanza
taa ya ngazi ikafifia, feni za majirani zikalegea,
na juu pakapigwa ukelele: "Wee Swabir! Barafu zangu za ukwaju!"
Tukapatana. Nipime baada ya Isha,
friji yake ipumzike,
tokeni za stima ninunue mimi.
Akaniazima na chetezo.
Nikakizungusha kila kiungo, udi ukifuka,
na pale moshi ulipoinama
kama mgeni kwenye mlango mfupi, ukaingia,
ndipo palipovuja.

Basi nikaleta hedi mbili za Datsun.
Moja kama ilivyozaliwa kiwandani,
njia finyu, zina chunusi za kalibu.
Ya pili kazi yangu: masiku manne ya grainda,
msasa juu ya msasa, mng'aro wa kijiko cha harusi.
Miaka ishirini na miwili nawaambia watu, panua, hewa ipite.
Nani angebisha?
Gari hutoka gereji Magongo ikinguruma,
na ngurumo ni shahidi wa kulipwa.

Valvu nikaifungua kwa skrubu, milimita kwa milimita.
Kwenye nane, ile ya kiwandani: mia na arobaini na moja.
Yangu: mia na ishirini na sita.

Inavuja, nikasema. Nikarudia na chetezo.
Mia na ishirini na sita.
Nikafuta kioo cha miwani, nikakaza bolti, nikapiga bismillahi.
Mia na ishirini na tano.

Nikafunga uzi wa kushonea kofia kwenye ncha ya spoku
nikauingiza taratibu.
Darini mwa njia ulinyooka kama mstari wa daftari.
Sakafuni, penye ile kona niliyoikwangua kwa mapenzi,
ukajikunja, ukatetemeka,
ukanigeukia mimi.

Kumbe hewa haikuniomba uwanja.
Iliomba ukuta wa kuegemea inapokata kona,
nami nimeubomoa
kwa Dalvir na pikapu yake,
kwa Nyamvula wa teksi, Likoni,
kwa yule kijana wa Jomvu aliyeuza baiskeli anilipe,
nikazihesabu noti mbele yake, mbili zilikuwa na mkanda wa gundi.

Twahira, mjukuu wangu, ana udongo wa kuchezea,
kijani, una alama za meno yake.
Nikaukanda, nikaulaza sakafuni mwa njia,
nikaijaza kwa kidole gumba ile kona
mpaka kazi yangu nzuri ikawa mbaya kutazama.
Nikawasha.

Mia na arobaini na nne.

Mita ya stima ikaanza kulia ukutani, uniti mbili.
Nikazima mota moja moja. Maji yakashuka, yakalingana.
Juu, friji ya Bi Rukiya ikakoroma, ikaamka.
Nikaandika ile namba.
Chini yake, kwa kalamu ileile,
nikaanza majina.